Fundi Aliyekataa Kushusha Injini

Fundi ninayetaka kumsimulia alikuwa na kasoro moja kubwa ya kibiashara: ukimpelekea gari bovu, alifurahi kukuambia kwamba si bovu sana. Kwa miaka kumi na miwili nilimtazama akiwapoteza wateja kwa maneno hayo. Aliyasema kwa upole, huku akifuta mikono kwa kitambaa, na wao wakaondoka wamenuna kama waliotukanwa. Pale Isaka, ambako malori ya mizigo hupanga foleni kwenda nchi za magharibi na kila mwenye spana mbili hujiita gereji, mtu wa namna hiyo hakustahili kudumu hata mwaka mmoja. Alidumu. Sithubutu kusema alifanikiwa.

Mimi nauza dagaa. Nachukua mzigo mwaloni Nkome, ufukoni mwa ziwa, napita Geita na Kahama, nashusha Shinyanga mjini. Isaka ipo njiani, na gari langu lilikuwa na desturi ya kuishiwa nguvu nikifika hapo. Nilikuwa nimelinunua kwa mwalimu mmoja, naye alilinunua kwa mtumishi wa halmashauri. Waliokuwa nalo kabla yao, huko Japani, sikuwajua, ila niliwaonea wivu. Siku ya kwanza kumwona fundi, lilikuwa linachemsha. Fundi mwingine, wa Kahama, alikwisha kuniambia kwamba injini lazima ishushwe, gasketi imekwisha, nijiandae. Nilikuwa nimejiandaa, yaani nilikuwa nimelia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mayu," alijibu. Alimwita kila mwanamke mayu, mama, kwa Kisukuma chake, hata wasichana wa shule. "Lina nini?"

"Linachemsha."

"Lilianza lini?"

"Juzi, nikitoka Geita."

"Na kabla ya juzi ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu. Naongeza maji kila nikisimama."

Hakufungua boneti mara moja. Aliniambia nikale kwanza, rejeta ipoe. Nilikula wali kwa mkewe, aliyekuwa na banda la chakula hatua kumi kutoka hapo. Niliporudi, fundi alikuwa ameshika mfuniko wa rejeta mkononi, ameugeuza chini juu. Akanionyesha mpira wake, ulivyopasuka kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Akaenda ukutani, akatungua mfuniko mwingine uliotoka kwenye gari lililokwisha kufa, akaujaribu, akaufunga.

"Nenda."

"Na injini?"

"Injini ina nini?"

"Haishushwi?"

"Ikishushwa itabidi ipandishwe tena, mayu. Katikati hapo ndipo watu hupoteza vitu."

Alinitoza bei ya soda mbili. Niliendesha mpaka Shinyanga nikiwa na hasira, nikisimama mara tatu kutazama kama linachemsha ili nipate haki ya kurudi kumgombeza. Halikuchemsha. Wiki iliyofuata nililipeleka kwa fundi mwingine kabisa ili anithibitishie kuwa ni gonjwa. Ndivyo tulivyo. Tunataka gharama ishuke, lakini ikishuka sana tunaona tumedharauliwa.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya ukuta wa stoo kuukuu ya pamba. Ukuta huo ndio uliokuwa kabati lake. Alikuwa amepigilia misumari tangu chini mpaka juu unapofika mkono wake, na kila msumari ulining'iniza kitu kilichotoka kwenye gari la marehemu: swichi, taa, mifuniko, vishikio vya milango, mikanda iliyobaki na maisha kidogo. Watu walimcheka kwamba ana makaburi ukutani. Yeye aliamini kwamba spea ya mtumba iliyotengenezwa na aliyetengeneza gari ni bora kuliko spea mpya ya bandia ndani ya boksi linalong'aa. Ukimletea boksi linalong'aa alilinusa kwanza. Kweli, alilinusa. Kisha akakipima kile kifaa kiganjani, juu, chini, na kama kilikuwa chepesi mno alikurudishia bila maneno.

Masharti yake kwa wenye magari ya zamani yalikuwa machache na alikuwa akiyarudia mpaka ukachoka. Oili ibadilishwe kwa wakati, na kopo lifunguliwe mbele yako. Upepo wa matairi upimwe asubuhi, kabla gari halijatembea. Usijaze mafuta kituoni wakati lori la mafuta linashusha, maana taka za chini zinakuwa zimevurugwa. Kifaa kikitolewa, ukidai, ukitazame, ukakae nacho hata nyumbani. Na ushushe garini kila usichokihitaji. Kwenye hilo la mwisho tuligombana sana. Siku moja alifungua mlango wa nyuma wa gari langu akatoa jiko la mkaa, madumu manne, mzani wa zamani, viatu vya mvua, na gunia la mchanga nilioukung'uta kutoka kwenye dagaa kwa muda wa mwaka mzima.

"Huu mchanga unaupeleka wapi?" aliuliza.

"Hauna pa kwenda."

"Lakini unausafirisha. Kila safari unaununulia mafuta."

Nilimwambia mzani ni wa biashara. Akaniuliza mara ya mwisho kuupimia kitu. Sikukumbuka. Akauweka chini ya meza ya mkewe, na bado upo huko, unazuia meza isicheze.

Mkewe ndiye aliyeishi na hasara ya uaminifu huo. Biashara yake ya chakula ilitegemea watu wanaosubiri magari. Gereji za jirani, zenye kushusha injini, zilimpa wateja wa kula asubuhi, mchana na jioni kwa siku tatu mfululizo. Mumewe alimpa mtu mmoja, sahani moja, naye mara nyingine aliondoka kabla wali haujaiva.

"Mimi nimeolewa na mtu anayemaliza kazi upesi," aliniambia siku moja akiosha sufuria, sauti ya juu makusudi ili mumewe asikie. "Maharage nimeyaloweka tangu jana. Yeye amekaza boliti moja, mteja ameshafika Tinde. Haya maharage ayale nani?"

"Tutakula sisi," fundi alijibu kutoka chini ya gari.

"Ndiyo tunayokula kila siku."

Hawakuwa wakigombana. Ilinichukua miaka miwili kuelewa hilo. Alimsema mumewe mchana kutwa kama wengine wanavyofungulia redio, na yeye alifanya kazi vizuri zaidi redio ikiwa imewashwa.

Kisa kilichomweleza vizuri kuliko vyote ni cha mwenye duara mmoja wa huko Geita. Duara ni shimo la dhahabu, na la kwake lilikuwa limetoa mzigo mzuri mwaka huo. Alikuja Isaka na gari kubwa la kupanda milima, la mtumba lakini limepakwa rangi upya, moshi mweusi unatoka nyuma kama tanuri la matofali. Alishuka na watu wanne. Alitangaza kwamba injini imechoka, anataka nyingine, fedha si tatizo.

Fundi alimuuliza lilianza lini, na anapita barabara zipi. Kisha akafungua kichujio cha hewa. Vumbi jekundu la machimbo lilikuwa limejaa humo mpaka ungeweza kupanda mtama. Injini ilikuwa haipati pumzi.

"Badilisha hiki tu," alisema. "Nenda nacho wiki moja, ukaone."

Mwenye duara alikitazama kichujio, akatazama watu wake wanne.

"Mzee, unajua unazungumza na nani?"

"Sijui, baba. Lakini gari ndilo ninalozungumzia."

Wakapanda, wakaenda gereji kubwa ng'ambo ya barabara. Injini ikashushwa, ikawekwa nyingine ya mtumba, wiki nzima watu wakila kwa mkewe fundi, ambaye kwa mara ya kwanza mwaka huo alinunua vitenge viwili. Kisha gari likatoka likitoa moshi uleule. Walikuwa wametoa kichujio kwenye injini ya zamani wakakifunga kwenye injini mpya, na vumbi lake lote.

Jamaa alirudi peke yake, bila watu wanne. Nilikuwepo. Nilitamani fundi aseme neno moja tu, hata kukohoa kwa maana fulani. Alikwenda ukutani, akatungua kichujio, akakipuliza, akakifunga. Moshi ukakata. Wakashikana mikono. Mwenye duara akaenda Geita na kuisifu gereji kubwa kwa watu wote kwamba inajua injini. Kuhusu fundi alisema kuna mzee pale pembeni, ukiwa na shida ndogondogo atakusaidia.

"Huumii?" nilimuuliza.

"Gari limepona," alisema.

"Sikuulizi gari."

Akafikiri. "Kidogo," alisema, akarudi chini ya gari.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na ukaidi uliomwangamiza mwenyewe. Pikapu yake mwenyewe ilikaa juu ya matofali miaka saba ikisubiri kifaa kimoja cha giaboksi. Kifaa kilipatikana Mwanza, kilipatikana hata Kahama, ila yeye alishajiambia bei ya haki ni ipi, na hakuna muuza spea aliyekubaliana naye. Kwa hiyo fundi aliyeyaweka barabarani magari ya nusu ya wilaya alikwenda kanisani kwa baiskeli, mkewe amekaa nyuma na mwavuli, wakipitwa na magari aliyoyatengeneza, na yote yakipiga honi kwa heshima. Pia hakuwa mtu wa kusema pole. Ukimlilia kuhusu maisha alikusikiliza hadi mwisho, kisha akakuuliza kama umeangalia maji ya betri.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo hakulilegezea kabisa. Kwenye breki, yeye ambaye alikuwa akikwambia taa iliyovunjika bado inaona, alikuwa mtu mwingine. Hakukubali mtumba, hakukubali kesho, hakukubali "linasimama ukikanyaga mara mbili."

Hilo la kukanyaga mara mbili lilikuwa langu. Ilikuwa masika, nimepakia dagaa mpaka juu, mvua imenikuta Geita na magunia yameanza kupata unyevu. Dagaa wakilowa una siku moja, baada ya hapo unauza chakula cha kuku. Nilisimama Isaka kuongeza upepo tu. Fundi alizunguka gari, akalala chini, akainuka, akachomoa ufunguo akautia mfukoni.

"Mpira wa breki wa mbele umevimba," alisema. "Hautafika Shinyanga."

"Umefika hapa kutoka Nkome."

"Ndiyo maana nimeuona. Usingefika nisingeuona."

"Fundi, nina mzigo. Nitakanyaga mara mbili."

"Kuna mpira Kahama. Nikienda sasa hivi nitarudi saa kumi."

"Saa kumi dagaa wangu watakuwa wameoza. Nipe ufunguo."

"Sikupi, mayu."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Madereva wa malori walishuka kuja kusikiliza. Nilimwita mwizi, nikamwambia anatafuta kuuza mpira kwa sababu hajui kushusha injini, ndiyo maana ana baiskeli. Mkewe alitoka bandani na mwiko mkononi, akasimama. Fundi alisubiri nimalize, akapanda basi dogo kwenda Kahama na ufunguo wangu mfukoni. Aliporudi saa kumi na moja, mvua ilikuwa imenyesha tena, na theluthi ya mzigo ilikuwa haina maana. Alifunga mpira, akanipa ufunguo, akakataa malipo ya ufundi. Nililipa mpira, nikaondoka bila kuaga. Breki zilikamata vizuri njia nzima, jambo lililonikasirisha zaidi.

Sikukanyaga pale miezi minane. Nilihamia gereji ya Kahama ambako walinipenda sana. Kila nikienda walifungua kitu. Walibadilisha plagi zilizokuwa nzima, pampu ya maji iliyokuwa nzima, na kila kilichotoka kilibaki kwao, nami nilijisikia mteja wa maana. Injini ilishushwa, hatimaye. Nilisimama kuitazama ikining'inia kwenye mnyororo na nikaona fahari, kama mtu anayeona mwanawe akihitimu. Ilipopandishwa ilikuwa na sauti nyingine. Waliniambia ni sauti ya upya. Mwezi uliofuata gari lilizima njiani kati ya Bukoli na Kahama, jua la saa saba, mzigo mzima nyuma, na halikuwaka tena. Nilikaa juu ya magunia. Ndugu zangu watatu wanasoma kwa gari lile. Mama yangu anakula kwa gari lile. Nilihesabu ni nani ningeweza kumpigia simu, na nikaona ni mtu mmoja tu, yule niliyemwita mwizi mbele ya madereva wote wa Isaka.

Nilipompigia alisema, "Mayu, upo wapi?" Sikumweleza zaidi ya mahali. Alimtuma dereva mmoja wa lori aliyekuwa anarudi tupu, akanivuta kwa kamba mpaka ukutani kwake.

Nilikuwa nimepanga hotuba ya kuomba radhi tangu Bukoli. Nilishuka, nikafungua mdomo.

"Lilianza lini?" aliuliza.

Nikaanza kulia badala ya kujibu. Akasubiri, akageuka upande kidogo ili nisione kwamba anaona. Mkewe ndiye aliyenisema, naye alinisema kweli, huku akinipakulia wali na nyama ambazo hakunitoza. Alisema mwanamke mzima anaacha watu wake kwa sababu ya mpira wa breki. Alisema mume wake hakula siku ile, na kwa mtu anayekula maharage yale kila siku hilo si jambo dogo. Nilikula na kulia kwa pamoja.

Kazi ile ilimchukua siku tisa, na safari hii hakusema gari si bovu sana. Alinionyesha kifaa kimoja kimoja, vya bandia vyote, vyepesi kama vitu vya kuchezea. Alishusha injini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akifanya hivyo, na aliifanya polepole, kila boliti kwenye kopo lake, kila kopo na alama ya chaki. Hakikupotea kitu. Na hakunisimanga hata kidogo, mpaka nikatamani anisimange.

Baadaye stoo ya pamba iliuzwa, na mmiliki mpya akataka eneo la kuegesha malori. Ukuta ulibomolewa. Fundi angeweza kuhamia kwingine, lakini wakati huo masikio yake yalikuwa yameanza kuziba. Aliacha mwenyewe. "Niliacha siku nilipomwambia mtu gari lake limezima," alinieleza, "kumbe linaunguruma." Alirudi kwenye shamba lake la mpunga, si mbali na barabara, na mkewe akahamisha banda likawa jiko la nyumbani. Nilikuwa nikipita kuwaachia dagaa. Tulizungumza kwa kupayuka. Mwaka mzima yule mama hakumsema tena mumewe, maana kumsema mtu asiyesikia ni kazi ya bure, na nyumba ilikuwa kimya kiasi cha kunitia woga.

Mwaka huu, baada ya mavuno, nilimchukua fundi kumpeleka hospitali Shinyanga. Alikuwa amejiandaa kwa jambo kubwa. Alivaa koti. Alikuwa ameuza ng'ombe mmoja, kwa sababu kuna mtu alimwambia atahitaji upasuaji, na kama si upasuaji, mashine za kuvaa masikioni. Njiani alikaa ameshika magoti.

Daktari alikuwa binti mdogo. Alimtazama sikio moja kwa kitochi, kisha la pili. Akamwinamisha, akamwekea matone, akatuambia tukasubiri nje. Tuliporudi akachukua bomba na maji ya uvuguvugu, akasafisha. Vilitoka vitu ambavyo nisingependa kuvieleza: nta ya miaka, imekauka na vumbi na grisi, ngumu kama punje za mahindi. Alirudia mara tatu. Kisha akasimama nyuma yake, akanong'ona:

"Baba, unanisikia?"

Fundi akageuka haraka.

"Ninakusikia."

"Basi. Usiingize kitu sikioni. Urudi baada ya mwezi nikuangalie."

Tulilipa kidogo sana, tukatoka. Uani alisimama, akasikiliza pikipiki, kuku, watu wanaobishana getini. Nilidhani atafurahi. Akanikunjia uso.

"Yule mtoto amenisafisha tu."

"Unasikia au husikii?"

"Nasikia. Lakini hakupima. Hakuna hata mashine aliyowasha." Alitazama nyuma kwenye mlango wa hospitali kwa mashaka makubwa. "Mayu, hapa mjini hakuna daktari mwingine? Mkubwa kidogo?"

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa akitania. Fedha za ng'ombe mzima zilikuwa mfukoni mwa koti lake, na mtu alikuwa amekataa kuzichukua. Nilimwambia madaktari wakubwa wote wamesafiri. Ilibidi nifungue mlango wa gari mimi mwenyewe, na ilibidi nimsukume kidogo.

Tulifika kwake jua likielekea kuzama. Mkewe alikuwa uani, ameinamia beseni, ametugeuzia mgongo. Hakutusikia tukikaribia kwa miguu, maana gari nililiacha barabarani kwa sababu ya njia nyembamba. Alikuwa akizungumza peke yake, kwa sauti ya chini, ya mtu aliyezoea kwamba hakuna anayesikia.

"Tangu asubuhi," alikuwa akisema. "Wakimlaza huko nitalala na nani kwenye nyumba hii. Hata koti lenyewe halikufungwa kifungo."

"Hawakunilaza," fundi alisema.

Mwanamke yule alibaki ameinama, mikono ndani ya maji. Kisha akainuka taratibu, akamgeukia, akamkagua kichwani kutafuta bandeji.

"Wamekufanya nini?"

"Hakuna walichofanya. Wamenimwagia maji."

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Koti kifungo kimekatika, si kwamba sikukifunga."

Alijifuta mikono kwenye kitenge muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akaanza. Alianza na lile koti, akaja kwenye ng'ombe aliyeuzwa bure, akapita kwenye pikapu, akataja paa la jiko linalovuja tangu masika, mwaka mzima wa maneno, bila kupandisha sauti hata mara moja. Fundi alivuta kigoda, akakaa, akanyoosha miguu. Niliwaaga, lakini nadhani hakuna aliyenisikia.